Namna ya kuzitafuta na kuzipima simulizi za historia na takwimu katika podikasti: mwongozo kwa wasikilizaji wa Unguja na Pemba

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilizokuwa zimetia nanga mbele ya Mji Mkongwe zililipiga mizinga kasri la Sultani, na kabla ya saa nzima kupita bendera ilikuwa imeshuka na vita vimekwisha. Kisa hiki husimuliwa mara kwa mara katika podikasti za historia za lugha ya Kiingereza, na aghalabu husimuliwa kwa kicheko: vita vifupi kuliko vyote, dakika 38, kisha mtangazaji anahamia jambo jingine. Msikilizaji aliyepo Mkunazini au Chake Chake ana haki ya kutoridhika na usimulizi wa namna hiyo, kwa sababu waliokufa asubuhi ile walikuwa watu wa mji huu. Pia anazo njia za kuupima ambazo mtangazaji aliyeko London hana, kwa kuwa mahali penyewe, nyaraka na wazee waliorithi masimulizi wako karibu naye. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msikilizaji huyo: mwanafunzi wa skuli, mwalimu, mtembezaji wageni, au mtu yeyote anayependa kujua, ambaye anataka podikasti zimfikishe kwenye ujuzi ulio thabiti.

Hatua ya kwanza: anza na swali

Anayefungua programu ya podikasti na kuandika neno «historia» hupata orodha isiyo na mwisho, na kwa kawaida huishia kusikiliza kile ambacho kila mtu anasikiliza. Njia iliyo bora ni kuchukua kitu unachokifahamu kwa macho yako na kukiuliza swali moja. Chukua mfano wa karafuu. Kila mtu visiwani anajua kwamba Pemba ndiyo kisiwa cha karafuu, lakini ni wachache wanaouliza kwa nini iwe Pemba, ilhali kilimo kikubwa cha zao hilo kilishika kasi kwanza Unguja katika zama za Sayyid Said. Sehemu kubwa ya jibu imo katika kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872, kilichoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa kiasi kikubwa ikiwa imesimama. Kwa kuwa mkarafuu huchukua miaka kadhaa tangu kupandwa hadi kuanza kuzaa, mashamba ya Pemba yalipata nafasi ya kutangulia, na hayakuiachia tena nafasi hiyo.

Swali la aina hii hukupa maneno ya kutafutia, hukupa mwaka wa kuuzunguka, na hukuwezesha kutambua mapema kipindi kisichokufaa. Liandike juu ya ukurasa wa daftari kabla hujagusa simu.

Hatua ya pili: tayarisha simu na bando

Hapa hapahitaji maneno mengi. Mwenye simu ya Android anaweza kutumia AntennaPod, programu ya bure inayotengenezwa na watu wanaojitolea, isiyo na matangazo yake yenyewe wala haja ya kufungua akaunti. Mwenye simu ya Apple anayo tayari programu ya Apple Podcasts. Katika mipangilio, amuru vipindi vipakuliwe pale tu simu inapokuwa kwenye Wi-Fi, na vifutwe baada ya kusikilizwa. Anayesafiri kwa boti baina ya Malindi na Mkoani atashukuru kuwa alipakua mapema.

Ukilazimika kutumia bando, fanya hesabu kwanza. Zidisha kiwango cha sauti, yaani kilobiti kwa sekunde, kwa idadi ya sekunde za kipindi, gawa kwa 8, kisha kwa 1,000, na utapata megabaiti. Saa moja ya sauti kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni takriban megabaiti 58, na kwa kilobiti 64 ni nusu yake. Mazungumzo ya kawaida hayapotezi lolote la maana yakipunguzwa hadi kilobiti 64. Kipindi hichohicho ukikitazama kwa video hula bando mara nyingi zaidi, na mara nyingi unachokiona ni watu wawili waliokaa mbele ya maikrofoni.

Hatua ya tatu: tafuta kwa majina yote

Historia yetu imeandikwa na kusimuliwa kwa lugha nyingi, na kila lugha imeiita kwa namna yake. Wajerumani huandika «Sansibar». Sultani aliyejenga Beit al-Ajaib huandikwa Barghash na pia Bargash. Mwanawe aliyelitwaa kasri mwaka 1896 huandikwa Khalid na Khaled. Aliyewekwa na Waingereza baada yake huandikwa Hamoud na Hamud. Binti wa Sayyid Said, Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, anajulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, na anayemtafuta kwa jina moja tu atakosa nusu ya vipindi vinavyomhusu.

Utafutaji wenye faida kubwa zaidi ni ule unaopita mlango wa jirani. Visiwa hivi havijawahi kuishi peke yao, na kwa hiyo habari zake zimo ndani ya vipindi ambavyo vichwa vyake vya habari havitaji Zanzibar kabisa. Tafuta Maskati, Bombay, Ushelisheli. Tafuta hata Salem, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, na utakutana na wafanyabiashara waliokuwa wakileta vitambaa vya pamba Unguja na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 konseli wa Marekani, mtu wa Salem, alikuwa amekwisha kufika Unguja. Tarehe 30 Aprili 1840, jahazi la Sayyid Said liitwalo Sultana liliingia bandari ya New York likiwa limesheheni bidhaa, zikiwemo karafuu na pembe za ndovu, chini ya Ahmad bin Na'aman. Wengi wetu tumefundishwa juu ya meli zilizotujia; hii ilikwenda, na inastahili kujulikana zaidi kuliko ilivyo.

Kuhusu mifululizo yenyewe, anza na michache iliyokwisha kujipambanua. Idhaa ya Dunia ya BBC ina Witness History, ambamo mtu aliyeshuhudia tukio husimulia kwa muda wa takriban dakika 10, na urefu huo humfaa msikilizaji anayejifunza Kiingereza. BBC Radio 4 ina In Our Time, iliyoanza mwaka 1998, ambamo wanazuoni watatu huzungumzia mada moja kwa chini ya saa moja. Ukurasa wa kila kipindi huambatana na orodha ya vitabu vya kusoma, na orodha hiyo ina thamani sawa na kipindi chenyewe. Kwa upande wa takwimu, hakuna nilichokiona kinachoishinda More or Less, iliyoanza mwaka 2001, ambayo kazi yake ni kuchukua tarakimu zinazovuma katika habari na kuuliza zimetoka wapi. Kwa Kiswahili, idhaa ya RFI Kiswahili ina makala ya Changu Chako, Chako Changu, yanayohusu historia na utamaduni. Bado ni wachache wanaotengeneza kwa Kiswahili podikasti za historia zilizofanyiwa utafiti wa kutosha, na hilo ni pengo ambalo vijana wa visiwani wenye simu na subira wanaweza kuanza kuliziba.

Hatua ya nne: chagua kabla ya kusikiliza

Soma maelezo ya kipindi. Tazama kama yamemtaja mgeni kwa jina na kueleza amefanya utafiti gani, na kama yametaja vitabu, nyaraka au ripoti zilizotumika. Kipindi kinachosimulia mambo ya miaka 130 iliyopita bila kutaja chanzo hata kimoja si lazima kiwe cha uongo, lakini kazi yote ya kukihakiki kimekuachia wewe. Angalia pia tarehe ya kutolewa, hasa kwa mambo ya takwimu: kipindi cha kabla ya Sensa ya mwaka 2022 kitakupa idadi ya watu ambayo imekwisha kupitwa.

Jihadhari na kichwa cha habari kinachotangaza siri ambayo eti hakuna aliyewahi kukwambia. Mambo ya kushangaza kweli mara nyingi yamechapishwa zamani, na yanangoja tu mtu wa kuyasoma.

Hatua ya tano: sikiliza ukiwa na daftari

Gawa ukurasa sehemu nne: dakika, dai, aliyelisema, na alilitoa wapi. Si lazima uandike kila kitu. Andika kila tarakimu, kila tarehe, kila jina la mtu au la mahali, na kila sentensi iliyokufanya useme «kumbe!», kwa kuwa sentensi hiyo ndiyo utakayoikumbuka na kuwasimulia wengine, na kwa hiyo ndiyo inayohitaji kuhakikiwa kuliko zote. Tofautisha maneno ya mtangazaji na ya mtaalamu aliyealikwa. Mtaalamu akisema «yamkini» au «inakadiriwa», andika na neno hilo, maana ndilo la kwanza kupotea jambo linapopita midomoni mwa watu watatu.

Asiyekizoea Kiingereza cha kasi anaweza kupunguza mwendo wa sauti kidogo, akasikiliza mara ya kwanza bila kuandika, na mara ya pili kwa kuandika. Mifululizo mingine huweka maandishi kamili ya kipindi katika tovuti yake. Yakiwepo, yasome sambamba na sauti.

Hatua ya sita: pima tarakimu

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

Swali la kwanza ni hili: tarakimu imehesabu nini hasa? Rudi kwenye vita vya 1896. Utasikia kwamba Wazanzibari 500 waliuawa. Makadirio yanayorudiwa katika maandishi ya historia ni watu wapatao 500 waliouawa au kujeruhiwa, na maneno hayo mawili ya mwisho yanapoachwa idadi ya maiti inakuzwa bila ya ushahidi. Kwa upande wa Waingereza, anayetajwa ni baharia mmoja aliyejeruhiwa. Umbali baina ya tarakimu hizo mbili unaeleza zaidi juu ya tukio lile kuliko dakika 38, na kipindi kinachotaja dakika na kuwanyamazia waliokufa hakijalisimulia tukio hilo.

Swali la pili: kipimo kilianzia wapi na kuishia wapi? Baada ya Sultani Hamad bin Thuwaini kufariki tarehe 25 Agosti, Khalid bin Barghash aliingia kasrini bila ya ridhaa ya Waingereza, naye akapewa hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Mizinga ilianza kupigwa takriban saa 3 na dakika 2. Wapo wanaohesabu mwisho wake kuwa karibu saa 3 na dakika 40, na wapo wanaosogeza mbele kidogo, kutegemea ni tukio gani wamelichukua kuwa ndio mwisho. Ndiyo sababu utasikia 38 katika kipindi kimoja, 40 katika kingine na 45 katika cha tatu. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba mmoja wao amesema uongo. Inamaanisha kwamba hukusikia walichokipima, na unapaswa kukitafuta. Ukiendelea kutafuta utagundua pia kwamba kisa cha Khalid hakikuishia hapo: alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam, akakamatwa na Waingereza mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza, akahamishiwa uhamishoni Ushelisheli na St Helena, na akafariki Mombasa mwaka 1927. Kwake yeye, dakika zile ziliburuta miaka 31.

Swali la tatu: tarakimu inalinganishwa na nini? Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, na ya mwaka 2022 ikahesabu 1,889,773. Kipindi kimoja kinaweza kusema kwamba watu wameongezeka kwa karibu asilimia 45 ndani ya miaka 10, kingine kikasema ongezeko ni asilimia 3.7 kwa mwaka, na cha tatu kikasema kwamba Wazanzibari ni asilimia 3 tu ya Watanzania wote 61,741,120. Zote tatu ni kweli na zote zimetoka katika sensa ile ile, lakini ya kwanza inashtua, ya pili inatuliza, na ya tatu inatufanya tuonekane wadogo. Kwa hiyo badilisha tarakimu uliyopewa iwe katika sura nyingine kabla ya kuamua ikushangaze kiasi gani. Kwa kasi ya asilimia 3.7, idadi ya watu hujizidisha mara mbili kwa takriban miaka 19. Nadhani hiyo ndiyo sura inayomsaidia zaidi anayefikiria madarasa, maji na viwanja vya kujengea.

Karafuu hutoa onyo jingine. Mavuno yake hupanda na kushuka sana baina ya msimu mmoja na mwingine, kwa tabia ya mti wenyewe. Anayelinganisha msimu mkubwa na mdogo anaweza kuthibitisha lolote alitakalo, kuinuka au kuanguka kwa zao. Dai lolote la karafuu lisilotazama misimu kadhaa mfululizo liweke pembeni.

Swali la nne ni la sababu. Vipindi vya takwimu hupenda kisa cha daktari John Snow, ambaye mwaka 1854 alichunguza vifo vya kipindupindu mtaa wa Broad Street, London, akaonesha kuwa vilikizunguka kisima kimoja cha pampu, na mpini wa pampu hiyo ukaondolewa. Husimuliwa kana kwamba kuondolewa mpini ndiko kulikoyakomesha maradhi. Snow mwenyewe aliandika kwamba maradhi yalikuwa yamekwisha kupungua sana kabla ya hapo, kwa kuwa wakaazi wengi walikuwa wameukimbia mtaa. Hoja yake juu ya maji ilikuwa sahihi. Simulizi ya mpini ndiyo iliyopambwa. Miaka 15 baadaye kipindupindu kiliupiga mji wa Unguja, mwaka 1869 hadi 1870, na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi hapa, aliandika kwa kina jinsi maradhi yalivyosafiri kwa njia za misafara na majahazi. Atakayetengeneza kipindi cha Kiswahili juu ya jambo hilo hatakosa cha kusema.

Swali la mwisho linahusu maneno yanayoizunguka tarakimu. Utasikia kwamba mwaka 1890 Ujerumani iliwapa Waingereza Zanzibar kwa kubadilishana na kisiwa cha Heligoland. Heligoland kweli ilitoka mikononi mwa Waingereza ikaenda kwa Wajerumani, lakini Zanzibar haikuwa mali ya Wajerumani hata waitoe. Walichofanya ni kukubali kutoingilia himaya ya Waingereza hapa na kuacha madai yao katika baadhi ya maeneo ya pwani, likiwemo la Witu. Kila usikiapo kwamba nchi fulani iliuzwa, ilitolewa au ilibadilishwa, uliza aliyeitoa aliipata lini.

Hatua ya saba: rudi kwenye chanzo, hapa hapa

Nyaraka za Taifa zipo Kilimani, na zimehifadhi kumbukumbu za zama za masultani na za utawala wa Waingereza, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Uliza kwanza utaratibu wa kuingia, na nenda na swali lililoandikwa pamoja na miaka unayoitafuta, kwa sababu mhifadhi hawezi kumsaidia anayesema tu kwamba anataka historia. Kwa takwimu za sasa, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar huchapisha ripoti za sensa na muhtasari wa takwimu wa kila mwaka, na nyingi zinapakuliwa bure. Soma maelezo ya chini ya jedwali kabla ya jedwali lenyewe. Vitabu vingi vya karne ya 19 vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa katika tovuti ya Internet Archive, navyo pia ni vya bure.

Picha za zamani ni chanzo vilevile, ukijua kuzisoma. Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883. Kabla ya vita, mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba, upande wa bahari. Mizinga ya 1896 iliuharibu, na mnara wa baadaye ukaunganishwa na jumba lenyewe, hadi ulipoporomoka pamoja na sehemu ya jengo tarehe 25 Disemba 2020. Kwa hiyo picha inayoonesha mnara usioharibika ukiwa mbali na jumba ni ya kabla ya vita, hata kama aliyeiweka mtandaoni ameandika mwaka mwingine.

Kisha waendee wazee. Mzee wa Wete au bibi wa Makunduchi hakumbuki mwaka 1872 wala 1896, lakini anakumbuka alichoambiwa na babu yake, na anayajua mashamba kwa majina ambayo hayamo katika ramani. Nenda kwa adabu, omba ruhusa kabla ya kurekodi, na muulize yeye alisikia kwa nani. Andika jibu hilo katika safu ileile ya nne ya daftari ambamo umeandika vyanzo vya podikasti, kwa uzito uleule na kwa mashaka yaleyale.

Hatua ya nane: sikilizeni pamoja

Kipindi cha dakika 10 kinafaa sana kusikilizwa barazani baada ya Alasiri au darasani mwishoni mwa wiki. Mmoja afasiri kwa ufupi, wengine kila mtu achukue dai moja la kwenda kulitafuta, na wiki inayofuata kila mmoja alete alichokipata. Panapobainika kosa, waandikieni watengenezaji wa kipindi. Mifululizo mizuri hupokea masahihisho, na More or Less huwaalika wasikilizaji wapeleke tarakimu wanazozitilia shaka. Barua iwe fupi: jina la kipindi na tarehe yake, dakika, maneno yaliyosemwa, maneno yanayopaswa kusemwa, na chanzo chenu, pamoja na namba ya jalada kama kimetoka Kilimani. Hifadhini nakala ndani ya daftari, ukurasa uleule ulioandikwa swali juu yake.